Magogo ya Wakfu

Kama kuna kitu kilichomchemsha damu Bi Mwanamkisi wa Pate, ni yale magogo. Minazi mikongwe ya wakfu wa msikiti iliangushwa na upepo ikalala ubavuni mwa shamba lake, mvua za masika zikainywesha mpaka ikalainika kama mkate, na humo chonga wakajifanyia mji. Chonga, yule mdudu mweusi mwenye pembe, huzaa ndani ya gogo bovu, lakini chakula chake ni moyo wa mnazi mbichi. Na minazi mibichi ya karibu ilikuwa ya nani? Ya Mwanamkisi!

Aliipanda kwa mikono yake ili binti yake Israa awe na mali yake mwenyewe, asije akamnyenyekea mtu. Ndiyo kwanza ilikuwa imefika kifuani. Sasa kila kuti jipya lilifunguka limekatwakatwa, utadhani mtu kapita na mkasi. Kila asubuhi Mwanamkisi alikwenda na waya uliopindwa ncha, akautia tunduni, akamvuta chonga nje na kumponda kwa kisigino. "Mwanaharamu wee!" Kesho yake anawakuta wengine. Atawavuta mpaka lini, na wanakozaliwa ni pale pale?

Dawa aliijua, na Pate nzima iliijua: magogo yapasuliwe, yachomwe moto. Lakini mali ya wakfu haiguswi bila idhini ya msimamizi, na Mwanamkisi alikuwa mtu wa kumcha Mungu, hata kuti kavu la wakfu hakuwahi kuliokota akawashia jiko. Msimamizi mwenyewe, Bwana Abdulkadir, alikaa Amu. Basi akapanda boti akamfuata.

"Yale ni mali ya msikiti, Bi Mwanamkisi," Bwana Abdulkadir akamwambia kwa upole. "Huenda akatokea fundi akayataka kwa mbao."

"Mbao gani, Bwana? Ukiyagusa yanameguka!"

"Subira. Nitashauriana na wenzangu."

Akashauriana weee! Mwenzake mmoja yuko Mombasa, mwingine anaumwa. Mwanamkisi akaenda tena Amu, akaambiwa subira. Ramadhani ikaingia ikatoka, subira. Ajabu ni kwamba subira hiyo walitakiwa watu tu, chonga hawakuambiwa. Mnazi wa kwanza ukafa, kilele kikaoza na kunuka. Ulipokufa wa pili, Mwanamkisi aliketi mchangani akalia kwa hasira. Walikuwa wanamwonea, wallahi, tena kwa maneno mazuri.

"Mama, tuyachome tu," Israa akasema. "Nani atajua?"

"Mola atajua."

Ijumaa iliyofuata, baada ya sala, alimwita imamu pamoja na jirani yake, Mzee Bwanamkuu, wakaja mpaka shambani. Israa naye alikuwapo.

"Muwe mashahidi," Mwanamkisi akawaambia. "Minazi yangu hii yote nimeiweka wakfu kwa msikiti."

"Mama!" Israa akapiga kelele.

Mwanamkisi hakumtazama, kwa kuwa angemtazama asingeweza kumaliza. "Sasa mali ya msikiti inaliwa na wadudu wa mali ya msikiti. Mwambieni Bwana Abdulkadir, tuone kama hapo pia atataka kushauriana."

Lo! Kesho yake tu watu walikuja na mashoka na mafuta ya taa, na idhini juu yake. Magogo yakapasuliwa, mabuu meupe manene yakamwagika, kuku wakala mpaka wakachoka. Yaliyobaki yakateketezwa. Kazi iliyokosa ruhusa muda wote ule ilikwisha kabla ya adhuhuri, na Mwanamkisi, badala ya kufurahi, alitamani kumrukia mtu. Israa alijifungia chumbani asiione.

Makuti yaliyochipua baadaye yalifunguka mazima, hayana hata tundu. Bwana Abdulkadir akaja mwenyewe kuyatazama. Akazunguka shamba lote, mikono nyuma, uso umemkunjuka.

"Mashallah! Mungu akulipe, Bi Mwanamkisi. Na ikianza kuzaa, siku ukitaka dafu, wewe au binti yako, msione haya. Njooni mniombe."

"Tutakuomba, Bwana," Mwanamkisi akajibu, akaokota waya wake wa chonga, akaenda zake.