Rambirambi za Idi Pili

Kazija Silima hakuwa mwongo. Tuseme hivyo kwanza, maana alisema uongo mmoja tu, na huo ukamtosha umri mzima.

Alikuwa mwanafunzi wa udaktari mwaka wa tatu ng'ambo, katika chuo kikuu cha Kichina, binti wa fundi saa wa Darajani, Unguja. Baba alimsindikiza uwanja wa ndege kwa sharti moja: asome amalize, mume atakuja baadaye. Kazija akaitikia. Kisha akakutana na Yasir, kijana wa Dar aliyekuwa akinunua saa za jumla huko huko, masoko ya Liuhua, na sharti likaanza kumkera.

Mwaka huo, 2008, Idi iliangukia mapumziko ya taifa ya Oktoba. Masoko yalifungwa, wafanyabiashara wakakosa la kufanya. Idi pili wakapika pilau Xiaobei, mtaa wanakokaa Waafrika wengi, wakaibeba hadi bustani ya Liuhua na kutandika mikeka kando ya ziwa. Joto lilikuwa limeanza kulegea, na kila mtu alikuwa na furaha ya kijinga.

Yasir akalalamika kwamba viza yake inaisha Ijumaa na hajui kama atapewa nyingine. Alisema huku anamtazama Kazija. Mzee Abdulwakil, msafirishaji wa makontena aliyewahi kusomesha chuo cha Kurani kwao Pemba, akaudhika.

"Nyinyi mnazunguka pamoja tangu lini? Kama mnatakana, oaneni. Hata leo, mashahidi hawa hapa wanakula."

Watu wakacheka. Yasir hakucheka. "Mimi tayari, Mzee."

"Na wewe, mwanangu? Walii wako wa kukuozesha nani?"

Simu ilikuwa mkobani, ni kubonyeza tu. Lakini Kazija alimjua baba yake, akaliogopa jibu lake.

"Baba ameshafariki," akasema. "Sina mwengine."

Mwenyewe alishangaa jinsi yalivyotoka kwa urahisi. Abdulwakil akainamisha kichwa, akamwombea marehemu, na wote wakaitikia amina, mikono imejaa mafuta ya pilau. Kisha akauliza jina la baba, maana bila hilo haozeshi, akajitwika uwalii na kufunga ndoa. Mahari ilikuwa saa ya sampuli kutoka mfukoni mwa Yasir. Kazija akaivaa. Ilikuwa imesimama, naye hakutazama.

Kosa lake la pili lilikuwa kuwasahau watu wake. Mzee wa Kipemba hasikii msiba akanyamaza. Baada ya Magharibi Abdulwakil alimpigia jamaa yake wa Unguja, akapata namba ya nyumbani kwa marehemu Silima fundi saa, akapiga kuwapa pole wafiwa. Aliyepokea alikuwa marehemu.

Bibi na bwana harusi walikuwa mgahawani Barabara ya Huanshi. Mzee alikuja akamnyooshea Kazija simu, uso umemsawijika.

"Kazija," baba akasema taratibu. "Nimepokea rambirambi zangu. Nimeshukuru."

"Baba, nisamehe."

"Labda ningekataa. Labda ningekubali. Hukuniuliza."

Kazija alitamani ardhi ipasuke immeze. Angetukanwa ingekuwa nafuu.

"Mpe simu mzee wako," baba akaendelea. "Namkabidhi uwakili arudie kukuozesha, sitaki ukae na mume kwa ndoa ya uongo. Lakini radhi ni jambo jengine. Hiyo haipiti kwenye simu."

Ndoa ikarudiwa palepale mezani. Bibi harusi hakusikia hata neno moja, alikuwa akilia kwa aibu. Ijumaa alipanda ndege pamoja na Yasir, akaacha wiki mbili za masomo. Njia nzima hakula. Kila alipofumba macho alimwona baba ameshika simu, watoto wa jirani wanampa mkono wa Idi, na mtu wa mbali anamwombea yeye mwenyewe Mungu amlaze mahali pema.

Alikwenda Darajani peke yake, akamkuta baba dukani, lenzi jichoni. Akatoa salamu. Mzee Silima akaitikia, hakuinua kichwa.

"Unamtaka nani?"

"Baba yangu."

"Si amekufa?"

Kazija alisimama mbele ya kaunta, machozi yakimchuruzika, na wapita njia wakimtazama. Fundi akakaza skrubu moja, akakaza ya pili, kisha akavua lenzi na kuutazama mkono wa binti yake.

"Na hiyo saa yako nayo imekufa," akasema. "Ingia ndani. Ilete niione."