Suruali na Chupa ya Soda

Mwaka niliokuwa kidato cha nne, mvulana wa shule yetu ya kutwa hapa Eldoret akivaa suruali pana alikuwa mtu wa kuhurumiwa. Suruali ilitakiwa ikubane kuanzia gotini hadi kwenye kifundo, na nywele zinyolewe pembeni hadi ngozini, zibaki juu tu. Vita vya nywele tulishindwa mapema, kwa sababu naibu wa mwalimu mkuu alitembea na mashine ya kunyolea mfukoni. Tukabaki na suruali. Huko nako alikuwa na chupa.

Chupa tupu ya soda, ya kioo. Alisimama nayo langoni asubuhi, akainama mbele yako na kuisukuma kati ya soksi na suruali. Ikiingia yote, unapita. Ikikwama, unarudi nyumbani kuleta mzazi.

Tulikuwa na dawa yake. Ulinunua suruali pana ya kawaida, ukaikunja kwa ndani, ukaishikiza kwa mkono kwa uzi mmoja mrefu usio na fundo. Ukikaribia lango unajifanya unafunga kamba za viatu, unavuta uzi, mguu unafunguka. Ukifika darasani unatoa sindano na kuanza upya. Mimi nilishona kuliko wote, maana mama alinifundisha. Aliuza mitumba Langas, na nguo zilizochanika alizirekebisha nyumbani kwa cherehani kabla ya kuzipeleka sokoni.

Muhula uliotangulia uzi wangu ulikatika nikiuvuta, nikakamatwa. Naibu hakupaza sauti. Aliniambia tu kwamba nikirudia nitafute shule nyingine ya kufanyia mtihani wa mwisho, na kila mtu alijua hakuna shule inayopokea mtu wa kidato cha nne mwaka umeshafika katikati. Kwa nini basi nilivaa tena? Msiniulize. Katika umri ule nilijua aibu moja tu duniani, nayo ni kuitwa mshamba.

Jumatatu ile tulikuwa tunaanza mtihani wa majaribio. Manyunyu yalikuwa yakianguka na mstari ulisogea haraka. Niliinama, nikapapasa mshono wa mguu wa kulia. Ncha ya uzi haikuwepo. Nikapapasa wa kushoto. Haikuwepo pia, na kitambaa kilikuwa kigumu kama ukanda.

"Vuta uzi, msee, unangoja nini?" rafiki yangu aliyekuwa nyuma alininong'oneza.

"Hakuna uzi."

"Hakuna aje?"

Nilijua papo hapo. Jana yake jioni nilikuwa nimeianika suruali kwenye kamba, na mama, ambaye hawezi kupita karibu na mshono uliolegea akauacha, aliiona. Alidhani inafumuka. Akaipitisha kwenye cherehani, mara mbili kila mguu, ili mtoto wake aende kwa mtihani akiwa nadhifu. Nilimkasirikia mama hadi machozi yakanilenga, na nilikuwa sina haki hata kidogo.

Chupa iliingia shingo tu, ikakwama. Naibu aliitazama, akanitazama mimi, kisha akamwambia askari wa lango ampigie mama simu. Wenzangu wakaingia kwenye mtihani. Mimi nikabaki nimesimama kando ya lango, nikimsikia msimamizi akisoma maagizo ya karatasi kupitia dirishani.

Mama alifika kwa bodaboda, akihema, leso ya kichwani imelowa.

"Mama, nani amebana hii suruali?" naibu alimuuliza.

"Ni mimi, mwalimu. Niliona imeachilia, nikairudishia. Kwani imekuwa ndogo?"

"Huyu nilimwonya. Leo nilikuwa nimfukuze."

"Sasa umfukuze kwa makosa yangu? Nipatie wembe niifungue saa hii."

Naibu akamwambia askari atafute wembe. Mama alipiga magoti kwenye matope, akaupindua ukingo wa mguu wangu na kuanza kukata nyuzi. Nilitamani ardhi inimeze. Mshono wa cherehani ulitoka. Chini yake ukatokea mwingine, wa mkono, wa hatua ndefu zinazolingana, usio na fundo. Mkono wa mama ukasimama. Ni yeye aliyenifundisha kushona hatua zile. Aliinua uso, tukatazamana, na nikaona kwamba ameelewa kila kitu.

"Kuna nini tena, mama?" naibu akauliza.

"Hakuna, mwalimu. Huu pia ni wangu. Nilianza na mkono, nikaona haitakaa, ndio nikapeleka kwa mashine."

Aliukata na huo, akahamia mguu wa pili. Chupa ikaingia yote. Naibu akanielekeza kwa kidole kwenye chumba cha mtihani, nikakimbia.

Sikumbuki swali hata moja la karatasi ile. Ninachokumbuka ni kwamba mama yangu, ambaye sokoni alikuwa akimwonyesha mteja doa la nguo kabla mteja hajaliona, nilimwacha langoni akipangusa matope magotini na kumwomba mwalimu msamaha.