Ndago za Mpangaji wa Uani

Mpangaji wetu wa uani pale Chang'ombe alikuwa mtafiti wa dawa za kuua magugu, lakini sijapata kuona mtu akiyadekeza magugu vile. Alipanda ndago na mahindi pamoja kwenye makopo ya maziwa ya unga, yale ya nje yaliyoanza kujaa madukani, akizifuta ndago vumbi kwa kidole gumba. Kila Jumatatu alijaribu dawa mpya, akitafuta itakayozuia kimeng'enya kinachoikuza ndago bila kuyadhuru mahindi. Ijumaa moja jirani yetu Hamisa akaona amsaidie, akang'oa ndago zote, akazitupa jaani.

"Kaka, mie nishakupalilia!"

"Ahsante, dada," akajibu kwa upole uleule. Kisha akachuchumaa jaani, akaziokota moja moja, akazirudishia udongo.

"Pole," nilimsikia akiinong'oneza mojawapo. "Wewe ni wa kufa Jumatatu."