Neno la Mzee wa Kitanda cha Dirishani

Miaka ile ya ujamaa nilikuwa mhudumu katika hospitali moja ya Bukoba. Darasa la saba nilikuwa nimelimaliza juzijuzi tu, lakini kichwani nilishakuwa sista mkuu, saa imening'inia kifuani. Waliniweka chumba cha mahututi, vitanda vinne na mtungi mmoja wa oksijeni, kwa sababu nilijua kuchekesha.

Kitanda cha dirishani alilala mzee wa Muleba, maji yamemjaa kifuani. Wanawe walikwenda kutafuta gari wamrudishe nyumbani. Kwetu mtu hutaka kufia kwenye kibanja chake, shamba la migomba la ukoo, tena kwanza ataje mbele ya watu nani atamrithi. Asubuhi ile sista aliniambia, "Huyu hafiki jioni. Kaa naye."

Nikakaa, nikawa namlowanisha midomo kwa pamba. Mzee akanishika mkono.

"Mwanangu, hawa wanachelewa. Nikuambie wewe. Kibanja..."

"Aa, Tata! Hayo utayasema mwenyewe nyumbani, umekaa, kikombe cha rubisi mkononi!" nikamkatiza, nikimwita baba kwa lugha yetu.

Akatabasamu kidogo, akavuta pumzi, akaanza tena. "Sikiliza. Yule wa pili..."

"Yule wa pili ndiye atakubeba mgongoni! Pumzika, Tata."

Mgonjwa wa jirani akacheka. Na mimi, jamani, nikafurahi kwamba nimechekesha chumba. Mzee akaniachia mkono, akageukia ukutani. Hakusema tena. Saa nane mchana akakata roho.

Nilijua anakufa, nilikuwa nimeambiwa. Niliogopa tu kuyabeba maneno yake.

Wanawe watatu wakafika na pikapu ya kuazima, nyuma wametandika majani ya migomba alalie baba yao. Mkubwa alilia, akajifuta uso, kisha akanijia kwa adabu, mimi mtoto wa juzi.

"Dada, wameniambia wewe ndiye ulikuwa naye. Aliacha neno?"

Wote watatu wakanitazama mdomoni. Wa pili apewe? Wa pili anyimwe? Sikujua, na sikuthubutu kuwaambia kwa nini sijui.

"Hakusema kitu," nikajibu. "Alilala tu."

Wakanishukuru kwa kumtunza. Yule wa kati akarudi kwenye gari, akaniletea mkungu wa ndizi waliokuwa wamemchukulia baba yao. Nikaupokea kwa mikono miwili.