Shimo Karibu na Mstari wa Nyuma

"Nenda ukawaambie, Enoch! Sasa hivi, kabla watu hawajaanza kuingia!"

"Nikawaambie nini? Kwamba farasi wangu kachomokwa na kiatu?"

"Kwamba wewe ulikifunga kwa kamba mbovu!" Hepzi, mke wa kaka yangu, alilitua birika mezani kwa kishindo. "Wifi, mwambie nduguyo!"

"Miye simo," nikasema. Nilikuwemo, ila mkate na siagi vilikuwa vitamu.

Kaka yangu Enoch Tidmarsh alilea nyasi za uwanja wa tenisi wa Marlcombe miaka thelathini na mmoja. Mimi siongopi: alizisawazisha hadi siku moja nzi akateleza, akavunjika kiuno. Roli la chuma, lile gogo zito la kushindilia nyasi, lilivutwa na farasi aliyevishwa viatu vinne vya ngozi, kwato zisichimbe. Mabingwa wa pale, tangu enzi za wanawake kucheza na sketi za kufagia chini, watu waliwajua kwa majina yaliyochorwa kwenye kombe. Enoch aliwajua kwa nyayo. Alikuwa akipapasa udongo na kuniambia, "Huyu ni yule wa mkono wa kushoto, alishinda mwaka wa mvua." Philippa Garnett, bingwa mara nne, kila akianzisha mpira mguu wake wa kulia ulitua palepale, shibiri moja ndani ya mstari wa nyuma.

Na asubuhi hiyo ya fainali, kiatu cha farasi kikachomoka mahali palepale. Kwato ikazama yote. Enoch akaziba kwa kipande cha nyasi alichokata nyuma ya banda. Juu kijani safi, chini laini kama uji. Mizizi hutaka wiki mbili kushika. Fainali ilikuwa saa nane mchana.

"Philippa atapakanyaga mara themanini," Hepzi akasema. "Ya themanini na moja utalisikia goti likivunjika."

"Wakijua wananifukuza. Na nyumba hii ni ya klabu, mke wangu. Tutalala wapi, juu ya roli?"

"Afadhali roli!"

Dirishani niliona kunguru saba wakitembea uwanjani. Walipofika pale, wakapazunguka. Hata mmoja hakukanyaga, haki ya Mungu. Nikauweka mkate chini.

"Kaka," nikasema, "mimi nimedanganya watu maisha yangu yote, lakini mguu wa mtu sijawahi kuudanganya."

Enoch akachukua kofia, akaiweka, akaichukua tena. "Nikimwambia katibu, watahamia uwanja wa pili. Maneno mawili tu. Halafu sisi…"

Mlango ukafunguliwa. Philippa Garnett alisimama kizingitini, mweupe kuanzia utepe wa nywele hadi viatu, raketi kwapani.

"Habari za asubuhi, Mzee Tidmarsh! Nyasi zimeamkaje? Naweza kuziamini leo?"

Mimi na Hepzi tukamgeukia Enoch, naye alikuwa akitazama mguu wa kulia wa yule binti.