Ndoo ya Koki Mtaa wa Matofalini

Kwa kupokea wageni, Mpanda hatuna mpinzani. Hao wa Dar wanaojisifu wangefika hapa Mtaa wa Matofalini, mwisho wa mji njia inapoanza kuelekea Kakese, tungewafundisha bure. Mgeni akitajwa tu, kiti kizuri kinatoka nyumba hii kwenda ile, vikombe vinafuata, hata godoro jipya linasafiri. Anayekataa kuazima, huyo kwetu ni mchawi aliyekosa cheti tu.

Sasa Pelagia alikuwa na ndoo ya koki. Aliinunua miaka ile ya korona, alipokuwa anauza uji stendi na kila mama lishe akalazimishwa kuwa na ya kunawia wateja. Uji ulikufa, ndoo ikabaki: nyeupe, kifuniko kimeungua pembeni. Mtaa mzima ilikuwa hiyo moja tu. Wengine wote walinawa kwa kopo, siku walizokumbuka.

Binti yake Leticia alikuwa na tumbo lisilokoma. Anaharisha, anapewa dawa zahanati, anapata nafuu, anakunywa tena maji ya kisima cha bondeni, anaharisha. Muuguzi alishamwambia Pelagia achemshe maji, kama vile mkaa unaota uani kama mchicha. Mtoto alibaki macho na magoti.

Ndipo akaja Richard, mtafiti wa chuo, kijana mpole mwenye viatu vya kusikitisha kwa vumbi letu. Mwenyekiti wa mtaa, Obadia, alimtembeza, kifua mbele kama aliyemzaa. Wakaanzia kwa Pelagia.

"Dada, sisi tunachunguza tabia," Richard alisema. "Kwa nini watu wa mjini kati hawaugui matumbo kama nyie wa pembeni? Ni maji, au ni mazoea? Mtaa utakaoonekana una hali ngumu zaidi ndio utakaopelekewa bomba kwanza."

Bomba! Pelagia akajibu kila kitu bila kupaka rangi. Maji hachemshi. Sabuni ikiwepo ni ya kufulia. Ndoo ya kunawia anayo, ile pale.

Richard alipoinama kubofya kishikwambi chake, Pelagia akachomokea uani kwa jirani yake Yustina, bibi mwenye sauti ya kuitisha mkutano.

"Mama, wakija sema ukweli. Sema huna pa kunawia, tupate bomba."

"We mtoto, mji huu umeuona jana?" Yustina alikuwa anafagia kwa nguvu, kuku wanakimbia. "Bwana afya naye si alikuja hivyo hivyo, anacheka, anauliza vyoo? Aliyesema hana, alipigwa faini. Lete ndoo."

"Mama, huyu si bwana afya."

"Hata angekuwa katekista! Mgeni aondoke anasema kwa Yustina hakuna pa kunawia? Lete ndoo, Mama Leticia."

Ni Yustina huyu aliyembeba Leticia mgongoni mpaka zahanati, Pelagia alipokuwa Kakese kwenye palizi. Mtu wa namna hiyo unamnyimaje ndoo? Wewe unayecheka, hebu jaribu kwa jirani yako. Akaileta.

Ikaanza safari yake. Mgeni anaaga mlango wa mbele, ndoo inatoka nyuma, inapita uzio wa mabua, inawahi kwa jirani Skolastika, halafu kwa mama mwingine na mwingine, maji yanawamwagikia wabebaji mpaka magotini. Na majibu yalivyokuwa matamu!

"Mnachemsha maji ya kunywa?"

"Mpaka yaimbe!"

"Mnanawa kabla ya kula?"

"Baba, ngozi itatuisha!"

Obadia anaitikia kwa kichwa, raha imemjaa. Pelagia alimsubiri Richard njiani, Leticia pembeni yake.

"Kaka, ndoo unayoiona ni moja. Ni yangu. Tazama kifuniko."

Richard akakitazama. "Nimekiona, dada. Lakini swali linauliza kama chombo kipo na kina maji, na mimi nimekikuta kipo. Nikianza kuandika ninachohisi, huo si utafiti tena."

"Na mtoto wangu?"

Richard alimshika Leticia kichwani, akaendelea na nyumba inayofuata.

Mvua zilipoisha tukaitwa kwenye mkutano. Obadia alisoma matokeo akitabasamu: Matofalini imeongoza mitaa yote ya pembeni kwa tabia njema za usafi. Watu wakapiga makofi na vigelegele. Bomba litaenda Mtaa wa Nyuma ya Reli, ambao ulionekana na hali mbaya.

Pelagia akasimama. "Mwenyekiti, usafi huo haupo. Tuliazimana ndoo."

Skolastika akanyanyuka, kanga kifuani. "Nani aliazima? Pelagia, unatuvua nguo mbele ya watu? Mimi kwangu chombo kilikuwepo, mgeni alikiona kwa macho yake!"

"Alikiona," wakaitikia wengine.

Pelagia alimgeukia Yustina. Bibi yule alikuwa anakuna goti lake, anakuna, hainui uso.

"Kaa, mwanangu," alisema mwishowe, kwa sauti ndogo ambayo hatukujua kama anayo. "Kaa tu."

Akakaa. Hata alipomfuata Obadia baadaye, mwenyekiti alimwambia majibu yalishatumwa, yeye hana pa kuyarudishia, na mtafiti mwenyewe simu yake haipatikani.

Wiki hiyo lori lilipita Matofalini limebeba mabomba ya bluu, likasimama panapogawanyika njia. Pelagia alikuwa anapanda kutoka bondeni, dumu kichwani, Leticia kamshika upindo wa kitenge.

"Mama, samahani," dereva akaita dirishani. "Nyuma ya Reli ni njia ipi?"

Aliwaza kumpotosha, nani asingewaza? Lakini kule nako wanaharisha. Akashika dumu kwa mkono mmoja, akanyoosha wa pili.

"Kushoto. Ukifika kwenye tanuri la matofali, uliza tena."

"Asante, mama. Nyie huku mmeshapata?"

"Pita salama," Pelagia akasema, akamvuta mtoto pembeni vumbi lisimwingie machoni.