Utando wa Bwawa la Kitengela

Siku yangu ya kwanza kazini, nusura nimuue mwenzangu.

Tulikuwa Kitengela, kwenye bwawa la taka la kiwanda cha ngozi kilichofungwa. Tope lake lilikuwa limekauka juu na kupasuka nyufa za kuingiza mguu. Mimi nimezaliwa Bisil. Kwetu udongo mweusi ukipasuka hivyo, hata lori la ng'ombe linapita. Kwa hiyo Mutua, mpimaji wa rika langu, aliponiuliza kama panakanyagika, nilijibu kwa maringo ya mwenyeji: "Pita tu. Hii udongo naijua."

Hatua ya nne akazama hadi kifuani. Kumbe ule ukavu ulikuwa utando tu, kama wa maziwa yaliyopoa.

Nilitaka kumkimbilia. Fomeni wetu, mzee wa Murang'a asiye na maneno mengi, akanishika shati. "Ukienda mtakuwa wawili! Lete kitambaa!"

Kitambaa chenyewe ni jiotekstaili, nguo nzito ya plastiki inayopitisha maji na kuzuia tope. Tulikikunjua hadi kwa Mutua, tukalala juu yake kifudifudi, tukamvuta. Hatukuzama.

"Nyinyi watu wa ng'ombe mnaangalia ardhi juu," fomeni akaniambia baadaye. "Hapa ni kitambaa inabeba, si udongo."

Hiyo ndiyo kazi niliyoifanya hadi uzeeni: kufunika mabwawa ya taka yawe ardhi ya kukanyagika. Unashona vitambaa ukingoni, unavivuta vifunike bwawa, unatandika wavu mgumu juu yake, kisha unamwaga murram, ule udongo mwekundu wa changarawe, tabaka jembamba jembamba, kutoka kingo kuelekea kati. Ukimwaga rundo moja kwa pupa, tope linakimbilia upande mwingine na kufumuka, na mishono inaachana. Nimewafukuza madereva kadhaa kwa haraka zao, wala sijutii. Ninyi mnaoanza leo mna mashine za kupima ulaini wa tope. Mimi nilikuwa na fimbo na aibu yangu.

Mutua hakunilaumu hata siku moja. Lakini hakuniuliza tena kama mahali panakanyagika. Alimuuliza mtu mwingine, hata nilipokuwa fomeni wake, na jambo hilo liliniuma kuliko matusi.

Bwawa langu la mwisho lilikuwa Kajiado. Siku niliyostaafu, nyasi zilikuwa zimeanza kuota juu yake. Mutua, kichwa cheupe sasa, akaja kusimama nami ukingoni.

"Mzee wa Bisil," akasema, "hapa panakanyagika?"

Nikatangulia. Nilipofika hatua ya nne, nikasikia viatu vyake nyuma yangu.